Kompyuta ilipodanganya kuwa imeandika

Wasomaji, leo siasa naziweka pembeni. Nina kisa cha mafundi wa kompyuta, na msikimbie, maana kinagusa hata salio lako la benki.

Programu ikisema "nimehifadhi", mara nyingi data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, haijagusa diski. Ndiyo maana kuna amri iitwayo fsync: inailazimisha mashine iandike diskini, nawe usubiri hadi imalize. Kusubiri huko ndiko kunakoifanya seva ijikokote. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ukiandika muamala mmoja mmoja na kusubiri kila mmoja, basi kasi yako inaishia karibu na hapo.

Mafundi wakatafuta njia za mkato. Nyingine hazina neno, kama noatime, inayoizuia mashine kuandika saa kila faili linaposomwa. Nyingine ni kamari. Mwaka 2008 PostgreSQL 8.3 iliruhusu synchronous_commit izimwe: umeme ukikatika unapoteza miamala michache ya mwisho, iliyobaki inakuwa salama. Hiyo naielewa. Lakini kuna wanaozima fsync yenyewe, na hapo hifadhidata nzima yaweza kuvurugika. Kwa umeme huu wetu? Thubutu!

Kilichonishtua zaidi ni kwamba hata waliosubiri kwa adabu walidanganywa. Machi 2018 Craig Ringer alieleza tatizo hili: kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika, fsync inarudisha kosa. PostgreSQL inajaribu tena. Safari hii inajibiwa "sawa", kumbe Linux ilishaziwekea kurasa zile alama kuwa zimeandikwa, na data imepotea! Takriban miaka 20 programu iliamini jibu hilo.

Wakarushiana lawama. Watu wa Linux waliuliza: mtu akichomoa flashi, tushikilie data yake hadi lini? Kwa kweli hapo nawaonea huruma.

Februari 2019 PostgreSQL ikabadilishwa. Sasa fsync ikishindwa, programu inajizima makusudi, kisha inajijenga upya kutoka kwenye daftari lake la miamala. Waliacha swichi moja, data_sync_retry, kwa mifumo ambayo kujaribu tena ni salama. Kwenye Linux iacheni imezimwa.