Homa iliyokataa dawa ya malaria: Kapalata, Kisangani, 1998

KISANGANI – Mwezi wa pili mwaka 1998, homa kali iliwashika askari katika kambi ya Kapalata, hapa Kisangani. Kichwa kiliwauma sana, viungo na mgongo vikauma, tumbo nalo, na wengine wakakohoa. Wapo waliochanganyikiwa, wakapata degedege na hata kupoteza fahamu. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kila siku: ni malaria.

Lakini damu ilipopimwa, malaria haikuonekana. Dawa za malaria zilipotolewa, wagonjwa hawakupata nafuu. Ndipo damu ya wagonjwa 35 ikapimwa kwa magonjwa mengine yanayoletwa na wadudu. Majibu yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto. Wagonjwa 23 walikutwa na alama za maambukizi mapya ya virusi vya West Nile, yaani Nile ya Magharibi. Alama za chikungunya zilionekana kwa 12. Watafiti wakasema West Nile ndiyo inayoelekea kuwa chanzo kikuu cha homa ile. Kichwa cha ripoti yao kinawaita wagonjwa wahamiaji, maana yake watu waliotoka kwingine wakaja kuishi Kisangani.

Habari hii ya zamani inawahusu wengi leo. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola umezifukuza familia nyingi kutoka Lubunga na vijiji vya Ubundu na Opala. Wengine wamekaa kwa ndugu, wengine chini ya mahema na katika majengo yasiyo na milango. Wanalala wengi mahali pamoja, karibu na mifereji na vyoo vilivyojaa. Usiku mbu, au ngungi kama wengi wanavyosema hapa, hawana kizuizi. Na mtoto akipata homa, jibu ni lile lile: malaria.

Virusi hivi vilijulikana kwanza karibu nasi. Mwaka 1936, kwa msaada wa Shirika la Rockefeller la Marekani, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe, Uganda. Mwaka 1937 watafiti wake walichukua damu ya mwanamke mmoja aliyekuwa na homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile, ng'ambo tu ya mpaka wa Aru na Mahagi. Walikuwa wanatafuta homa ya manjano. Wakapata virusi ambavyo hakuna aliyekuwa amevijua. Ugonjwa haukuitwa kwa jina la mwanamke yule, bali kwa jina la wilaya yake.

Swali lililobaki lilikuwa: virusi hivi hukaa wapi wakati watu hawaugui? Jibu lilipatikana Misri katika miaka ya 1950. Watafiti walifanya kazi katika vijiji vya kaskazini ya Cairo, wakakamata mbu na kupima damu ya watu, wanyama na ndege. Waligundua kwamba ndege wa porini, kunguru akiwa mmojawapo, wanaweza kuwa na virusi vingi sana katika damu kwa siku chache. Mbu wa aina ya kuleksi akimuuma ndege huyo, anavibeba. Baada ya siku kadhaa virusi vinafika kwenye mate ya mbu, naye anampa ndege mwingine. Ndege kwa mbu, mbu kwa ndege: huo ndio mzunguko wenyewe.

Mtu na farasi wanaingia humo kwa bahati mbaya. Mbu aliyemuuma ndege anaweza kumuuma mtu, na mtu akaugua. Lakini katika damu ya mtu virusi huwa vichache, havitoshi kumwambukiza mbu mwingine. Kwa hiyo mtu ndiye mwisho wa njia. Tena, kati ya watu 10 walioambukizwa, karibu 8 hawasikii chochote. Wengine hupata homa. Mmoja hivi kati ya 150 ndiye hupata ugonjwa wa ubongo au wa mishipa ya fahamu, na huyo anaweza kufa.

Huko Misri ilionekana pia kwamba wengi waliambukizwa wakiwa watoto, wakabaki na kinga. Mgeni asiyewahi kukutana na virusi hana kinga hiyo. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mara watu wengi wanapohamishwa kwa ghafla.

Mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Kapalata, virusi hivi vilifika New York, Marekani. Watu 62 waliugua na 7 walikufa. Kule kunguru walianguka na kufa ovyo, hata ndege wa bustani ya wanyama wakafa, na vifo hivyo viliwasaidia waganga kuelewa. Dunia nzima ilisikia habari za New York. Za Kapalata zilisikiwa na wachache, kwa sababu mwezi wa nane 1998 vita vingine vilikuwa vimeanza. Zaidi ya hayo, ndege wengi wa Afrika hubeba virusi hivi bila kufa. Huku hatuwezi kungoja ndege watuonye.

Je, tuwaue ndege? Hapana. Ndege hawahesabiki na wanaruka kutoka nchi hadi nchi, na kumla au kumfukuza kunguru hakumpunguzi mbu. Anayeweza kuzuiwa ni mbu, na kila mbu ana tabia yake. Kuleksi huuma usiku na hutaga katika maji machafu: mifereji iliyoziba, mashimo ya vyoo, madimbwi ya maji ya kuogea. Chandarua kile kile cha malaria kinamzuia yeye pia. Mbu wa aina ya aedesi, anayeleta chikungunya na homa ya manjano, huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa, matairi na makopo. Huyo chandarua cha usiku hakimtoshi. Dawa yake ni kufunika mapipa na kumwaga maji yaliyosimama kila wiki.

Homa ya manjano ina njia nyingine kabisa. Inakaa kwa nyani na mbu wa msituni, lakini ikiingia mjini mbu huitoa kwa mtu na kuipeleka kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mwaka 2016, ilipotoka Angola na kutishia Kinshasa, mamilioni ya watu walichanjwa kwa muda mfupi. Homa ya manjano ina chanjo, na dozi moja inakinga maisha yote. West Nile haina chanjo ya watu wala dawa yake maalumu. Mgonjwa anasaidiwa kwa maji, dawa ya kushusha homa na uangalizi wa hospitali.

Malaria bado ndiyo inayoua watoto wengi zaidi Tshopo, hivyo kila mwenye homa apimwe malaria kwanza, na ikionekana atibiwe mara moja. Lakini kama kipimo hakionyeshi malaria, au dawa imekwisha na homa inaendelea, kumeza kinini tena nyumbani ni kupoteza siku. Mgonjwa arudi kituo cha afya. Akichanganyikiwa, akipata degedege, shingo ikikakamaa au macho yakiwa ya manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na watu wengi wa kambi moja wakiugua pamoja, viongozi wa kambi wamjulishe daktari mkuu wa eneo la afya.

Kapalata ilijulikana kwa sababu mtu fulani hakuridhika na jibu la kwanza, akatuma damu ipimwe. Bila hivyo, wagonjwa wale wangeandikwa malaria, na Kisangani isingejua kamwe kilichowapata.