Joto la Pilipili Liko Wapi?

Mwambie mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, kwamba tangawizi haina joto, atadhani umeshikwa na homa. Kahawa tungu anayokunywa barazani baada ya Isha imetiwa tangawizi makusudi, na akiwa na mafua ataitaka iliyokolea zaidi. Kwake kila chakula kina tabia. Tangawizi, asali na pilipili manga ni vya joto. Dafu na tango ni vya baridi. Aliyeingiwa na baridi hupewa vya joto, na kinyume chake.

Elimu hii haikuzaliwa Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alizipanga dawa kwa joto, baridi, ukavu na unyevu, akazipa na madaraja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipokea na kuinyoosha katika Al-Qanun fi al-Tibb, nayo ikasafiri na vitabu vya Kiarabu hadi miji ya Bahari ya Hindi.

Wahindi nao, ambao maduka yao ya viungo hayako mbali na soko la Marikiti, wana urithi mwingine. Ayurveda huhesabu ladha sita: tamu, chachu, ya chumvi, kali, chungu na ya ukakasi. Lakini ulimi haukati shauri. Kila chakula kina nguvu yake, ya joto au ya baridi, inayojidhihirisha kikishaingia mwilini. Ndiyo maana mtindi, unaoburudisha kinywa, vitabu vyao vimeuandika kuwa wa joto.

Maabara ilikuja na swali dogo zaidi: pilipili hugusa nini hasa? Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitambua kipokezi kiitwacho TRPV1. Ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa neva za maumivu, mfano wa mlango. Joto likizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, mlango hufunguka, ioni za kalsiamu na sodiamu huingia, na neva huupasha ubongo habari kwamba mwili unaungua. Kapsaisini ya pilipili kali huufungua mlango uleule bila moto wowote. Viini vya ukali vya pilipili manga na tangawizi navyo huufungua, kwa nguvu ndogo zaidi. Mwaka 2002 Julius na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, kila mmoja kwa upande wake, wakatambua kipokezi cha baridi, ambacho mentholi ya mnanaa hukiamsha. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021.

Sasa tazama. Pilipili kali asili yake ni Amerika. Haikuwa imefika pwani yetu kabla ya Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498. Ibn Sina hakuionja, wala Galen. Hakuna kitabu cha kale kilichowaamuru wapishi wa Mombasa waiweke fungu moja na tangawizi. Ndimi zao ziliamua, na maabara haikuwa na la kuwasahihisha.

Hata ndege wanaingia katika shauri hili. Wao hudonoa pilipili bila kujali, kwa kuwa kipokezi chao hakiitikii kapsaisini. Mtu angedhani jambo hilo linambomoa Ibn Sina: joto gani hilo lisilomchoma kunguru? Lakini Ibn Sina mwenyewe alionya kwamba dawa ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu iliyo ya joto kwa mtu huenda ikawa ya baridi kwa simba au farasi. Alikwisha kuona kwamba joto la dawa ni habari ya wawili, dawa na mwili unaoipokea. Kwangu mimi, hilo ni zito kuliko madaraja yote ya Galen.

Ibn Sina anapokwama ni kwenye muhogo unaouzwa ufukweni Mama Ngina, kule Lighthouse, Mombasa. Muhogo wa kuchoma hupasuliwa katikati, ukapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, na mlaji asiyezoea huanza kuvuta pumzi kwa meno huku akiagiza dafu. Baridi dhidi ya joto, kama kanuni isemavyo. Dafu humpoza kwa muda, maana ubaridi hukilegeza kipokezi, lakini kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, na moto hurudi palepale. Kinachousafisha mdomo ni maziwa au mtindi, kwa mafuta na protini yake. Mtindi uleule ambao Ayurveda huuita wa joto! Mfuasi wa Ayurveda atajibu kwamba wao hawakuwa wakizungumzia mdomo, na ana haki.

Kosa, basi, ni kuvuta hukumu ya ulimi hadi kwenye ugonjwa. Kipokezi kikiamshwa, ubongo hupata taarifa ya moto usiokuwapo, jasho hutoka, na jasho hupoza mwili. Kuhisi joto kifuani baada ya kahawa ya tangawizi si ushahidi kwamba mafua yametibiwa.

Walimu wa biolojia wa Mombasa, watumeni wanafunzi kwa bibi zao wakaandike orodha ya vyakula vya joto na vya baridi, kisha walinganishe na vipokezi vilivyokwisha kujulikana. Wazee wanaozijua orodha hizo kwa ukamilifu wanapungua.