Joto Lililo Nje ya Nyekundu

Mwaka 2020, kila mlango wa supamaketi Nairobi ulikuwa na soja na kibunduki cheupe cha kupima joto. Kuna walioapa ati kinapiga miale hadi kwenye ubongo, wakatoa mkono badala ya paji la uso. Kumbe ni kinyume. Kibunduki kinapokea tu joto. Anayelitoa ni wewe.

Aliyeinasa miale hiyo mara ya kwanza ni William Herschel, mwanamuziki kutoka Hanover aliyehamia Uingereza, akaigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Akilitazama jua kupitia vioo vya rangi, alihisi kwamba vingine vinapitisha joto jingi na mwanga kidogo sana. Sasa, mwaka 1800 akaupasua mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine, na vingine pembeni vya kulinganishia. Urujuani ukatoa joto kidogo, kijani zaidi, nyekundu zaidi ya hapo. Halafu akakisogeza kupita nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote. Kipimo kikapanda kuliko kwenye rangi yoyote. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia. Nani hupima mahali pasipo na kitu?

Leo tunaiita infraredi, na shida iliyobaki ni kuifikia. Utapimaje joto mahali ambapo kibunduki hakioni, tuseme ndani ya tanuri au ndani ya mwili? Utafikiria uzi wa kioo, kama ule uliotua Mombasa mwaka 2009 na intaneti ya kasi. Lakini uzi huo ni wa silika. Unapitisha vizuri mwanga wa mikromita 1.5 hivi, mawimbi marefu zaidi unayameza. Mwili wako nao hung'aa zaidi karibu na mikromita 9. Yaani picha yako itafika London kwa uzi huo, lakini joto la kiganja chako halitavuka hata mita moja.

Kwa matanuri, watu waligeukia nyuzi za yakuti samawi, zinazostahimili joto ambalo lingeyeyusha chuma. Kwa joto la mwili, zikaja nyuzi za chumvi za fedha, jamaa ya zile zilizopakwa kwenye filamu za kamera za zamani. Nazo zina udhia wake: zikipigwa na mwanga wa jua zinakuwa nyeusi, kwa hivyo lazima zifichwe gizani.