Msamaha Usio na Mlipaji

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Hesabu hiyo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi, hata miaka mingi baada ya kung'atuka, ili watu wakumbuke safari ilikoanzia. Hospitali za wakati wa ukoloni zilikuwa zimefuata makazi ya watawala. Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika wa mji huohuo walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyetoa mali yake kwa ajili ya wagonjwa. Huko vijijini palikuwa na misheni na waganga wa jadi, na mwendo mrefu wa miguu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili mwelekeo. Matibabu yakawa haki ya raia, na kuanzia mwaka 1972 fedha za serikali zikaelekezwa zaidi kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini kuliko kwenye hospitali kubwa za mijini. Vituo vya afya, ambavyo wakati wa uhuru vilikuwa vichache mno kwa nchi kubwa hivyo, vilipita 200 ilipofika mwaka 1980. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Mkutano wa dunia wa Alma-Ata ulipotangaza huduma za afya ya msingi mwaka 1978, Tanzania ilikuwa tayari njiani.

Kwa mkulima wa Singida au Lindi, sera hiyo ilikuwa na maana moja iliyo wazi: alifika zahanati, akaandikiwa cheti, akasogea dirisha la dawa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza ana shilingi ngapi.

Lakini dawa zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikauka. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na mazao ya biashara yakashuka thamani. Ili zahanati zisifungwe kabisa, Denmark na UNICEF walisaidia kuanzisha mpango wa dawa muhimu katika miaka ya 1983 na 1984. Kila mwezi kituo kilipokea kasha lililofungwa, ndani yake mkiwa na klorokwini, aspirini, penisilini na dawa nyingine za lazima. Kasha lilikuwa na ukubwa uleule, kituo kiwe na wagonjwa wengi au wachache. Penye wagonjwa wengi liliisha kabla ya mwezi, na waliofika siku za mwisho walipewa cheti na pole.

Kwa hiyo tuwe wakweli kuhusu kipindi kile. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, matibabu yalikuwa bure kwa jina, na mgonjwa alikuwa ameshaanza kulipa: nauli, sindano, dawa za dukani, na mara nyingine "chai" ya mhudumu ambaye mshahara wake haukumfikisha mwisho wa mwezi. Waliotetea ada baadaye walitumia hoja hiyohiyo. Kama watu wanalipa hata hivyo, walisema, heri walipe kwa risiti ili fedha zibaki hospitalini zinunue dawa.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo na masharti yake. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilitoa waraka wa kuzishauri nchi maskini zitoze ada katika hospitali za umma. Mwaka 1991 hospitali binafsi za biashara zikaruhusiwa tena. Kisha, Julai 1993, ukaanza utaratibu ambao wananchi waliuita kwa neno moja: kuchangia. Ulianzia hospitali za rufaa, ukashuka kwa awamu hadi za mikoa na wilaya, na baadaye ukafika kwenye vituo vya afya na zahanati.

Waliouandaa utaratibu huo hawakuwa na nia mbaya, na walijua kuwa kuna watakaoshindwa. Ndiyo maana waliandika orodha ya msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wenye kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa ya akili, pamoja na maskini watakaothibitishwa. Baadaye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwenye karatasi, walio dhaifu zaidi walikuwa wamelindwa.

Hapa ndipo historia hii inapofungua siri yake. Hospitali iliambiwa ikusanye ada ili inunue dawa na vifaa. Papo hapo iliambiwa iwahudumie bure wajawazito, watoto na maskini, ambao ndio wengi wa wanaofika mlangoni. Hapakuwekwa fungu la kuirudishia hospitali gharama ya wale waliosamehewa. Kila msamaha ukawa hasara ya kituo chenyewe, na mganga mkuu mwenye rafu tupu akawa na kila sababu ya kuutoa kwa mkono mzito.

Matokeo yake yalionekana wazi zaidi kwenye wodi ya wazazi. Kujifungua ni bure, ndivyo sera ilivyosema na ndivyo inavyosema. Hata hivyo katika vituo vingi mama aliambiwa kliniki kwamba siku ikifika aje na vifaa vyake: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni. Familia ilinunua kimoja kimoja kwa miezi, ikavihifadhi kwenye mfuko nyuma ya mlango. Mama ambaye mfuko wake haukutimia aliogopa maneno ya wodini, na wapo walioamua kubaki nyumbani na mkunga wa jadi. Hawakutozwa hata senti ya ada, lakini umaskini uliwazuia vilevile.

Maskini asiye kwenye kundi lolote alipata shida zaidi. Ilimbidi athibitishe umaskini wake kwa barua kutoka kwa mtendaji, au kwa maelezo mbele ya ofisa ustawi wa jamii, akiwa na mgonjwa anayehema mgongoni. Wengi hawakujua kuwa barua hiyo ipo. Wengine walijua, wakaona aibu. Walikopa, wakauza mbuzi, au wakauza mahindi yakiwa bado shambani.

Serikali iliona tatizo, ikajaribu dawa nyingine. Katikati ya miaka ya 1990, wilaya ya Igunga ilichaguliwa kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 sheria ikaueneza nchini. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, Igunga ilikuwa shilingi 5,000, nayo serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa mpango wa "tele kwa tele". Wazo lilifuata kalenda ya mkulima: Igunga ni nchi ya pamba, fedha huonekana baada ya mavuno, na malaria hupamba moto wakati wa mvua, ghala likiwa linaelekea ukingoni. Ukilipa ukiwa nacho, utatibiwa ukiwa huna.

Lilikuwa wazo zuri, na kwa kaya nyingi lilisaidia. Lakini kadi mara nyingi iliishia kwenye kituo cha karibu. Mgonjwa akipewa rufaa alianza kulipa upya. Dawa zilipokosekana, waliolipa waliona wamelipia rafu tupu, na mwaka uliofuata hawakurudi. Sheria iliruhusu kaya maskini zipewe kadi bure kwa gharama ya halmashauri. Halmashauri zilizotenga fedha hizo zilikuwa chache. Msamaha ulikuwa umeandikwa tena, na kwa mara nyingine hakukuwa na aliyeulipia.

Wakati huohuo watumishi wa umma walipata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Zikawa foleni mbili: ya mwenye kadi ya kazini na ya mwenye pesa taslimu. Mpango wa 2007 wa kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata ulipunguza umbali kwa wengi, na hilo ni jambo la kushukuru. Gharama ziliendelea kupanda kwa sababu magonjwa nayo yalibadilika. Malaria hutibiwa kwa siku chache. Kisukari na shinikizo la damu hudai dawa maisha yote. Anayesafishwa damu kwa ugonjwa wa figo huhitaji kwenda mara tatu kwa wiki, na gharama ya wiki moja huzidi kipato cha mwezi cha familia nyingi.

Mfano wa karibuni ni Toto Afya Kadi, bima ya mtoto iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi waliipokea kwa furaha, hasa wenye watoto wagonjwa. Kwa kuwa wenye watoto wazima hawakujiunga kwa wingi, michango ikazidiwa na matibabu, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Watoto waliokuwa na uhitaji mkubwa zaidi ndio walioumia.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tofauti yake na yaliyotangulia ni kwamba inataja mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na inataja fedha zitoke wapi, zikiwamo kodi za vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hicho ndicho kifungu ninachoomba kila mwananchi akifuatilie kwa karibu kuliko kingine chochote. Kwa miaka 30 nchi yetu haikukosa huruma katika sera zake. Ilikosa fungu la bajeti la kuitekeleza huruma hiyo. Kila bajeti ikisomwa, tuwaulize wabunge wetu swali moja: kwa ajili ya wale tuliowaahidi matibabu bure, ni shilingi ngapi zimetengwa mwaka huu, na ngapi kati ya hizo zimefika zahanati?