Nusu marathoni Machakos: Milima na jua ndio wapinzani wa mwanaklabu

NUSU marathoni ni mbio za barabarani za umbali wa kilomita 21.0975. Tofauti na mashindano makuu ya uwanjani, ambako waliofuzu pekee ndio hufika mstarini, mbio hizi huwakutanisha mtimkaji wa kulipwa na mwalimu, karani au muuguzi anayekimbia kwa ridhaa katika klabu ya mtaani kwake. Wote huanza kwa mlio mmoja wa bastola, ila mashindano yao si yale yale.

Ukambani umewatoa magwiji wa umbali huu. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyewahi kuwa bondia, ndiye aliyetwaa taji la kwanza la dunia la nusu marathoni upande wa wanaume, mjini Newcastle, Uingereza, mnamo 1992. Patrick Makau, mzaliwa wa Machakos aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38, alikimbia nusu marathoni ya Ras Al Khaimah mwaka 2009 kwa dakika 58 na sekunde 52. Muda huo ukiisha, mwanaklabu anayelenga kumaliza kwa saa mbili huwa hajafika hata kilomita ya 11. Kumfukuza mtu wa aina hiyo ni kujitafutia balaa.

Mpinzani wa mwanaklabu ni saa yake na barabara iliyo mbele yake, na Machakos barabara haina huruma. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Iveti vinapanda juu zaidi. Katika kimo hicho shinikizo la hewa hupungua kwa karibu asilimia 17, hivyo mgeni kutoka Mombasa hutweta mapema kwa kasi ambayo kwao ni ya kawaida.

Kumaliza kwa saa mbili kunahitaji wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Hesabu hiyo inafaa tambarare. Anayeing'ang'ania kwenye mwinuko hula akiba ya nguvu ya misuli, na kufikia kilomita ya 16 miguu hugoma. Busara ni kupanda kwa kipimo cha pumzi: ukishindwa kutamka sentensi fupi mapema hivyo, umezidisha. Mteremko nao una madhara yake, kwani kila hatua hugongesha misuli ya mapaja, na maumivu huja kesho yake ngazini.

Macho pia hudanganya. Kyamwilu, katika kilima cha Kituluni kwenye barabara ya Mutituni, wageni humwaga maji na kuyaona kana kwamba yanapanda mlima. Ni mandhari tu inayohadaa. Miguu haihadaiki, na hulipa gharama kamili ya kila mwinuko.

Maandalizi ya mtu aliyeajiriwa hayahitaji kukimbia kila siku. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, mradi wikendi moja baada ya nyingine apate mbio ndefu hadi afikishe kilomita 16 au 18, baadhi yazo milimani, kisha apunguze katika wiki ya mwisho.

Hatari kubwa ni jua. Wa kwanza humaliza kabla halijakolea. Wa saa mbili na nusu hulibeba mgongoni. Anywe anapohisi kiu, kwani maji kupita kiasi huzimua chumvi ya damu na yanaweza kuleta degedege. Mkimbiaji anayepepesuka au kuongea maneno yasiyoeleweka asihimizwe amalizie. Huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Apelekwe kivulini na apozwe papo hapo kwa maji mengi baridi na upepo, huku msaada wa matibabu ukiitwa. Kwa sababu hiyo, ni vyema klabu iteue mwanachama mzoefu wa kukimbia nyuma ya wenzake wote, bila kujali muda atakaomaliza.