Mlima Gelai wa chuma: Kupiga picha injini za mvuke kwa lenzi za zamani

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Kijenge anayefungua dirisha asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Meru bila kulipa kiingilio. Mlima Meru mwingine, ule wa chuma uliotembea juu ya reli, hawezi kuuona tena. Ulikwishavunjwa, na kilichosalia ni picha.

Huo ulikuwa mmoja wa injini 34 za mvuke za daraja la 59, za muundo wa Garratt, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima ya ukanda huu. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke iliyozishinda nguvu katika reli za upana wa mita moja. Kipenyo cha boila kilizidi mara mbili upana wa reli yenyewe. Zilichoma mafuta mazito, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, hadi injini za dizeli zilipochukua nafasi yake.

Zimebaki mbili tu, zote katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. La kushangaza ni kwamba zote mbili zina majina ya kaskazini mwa Tanzania. Namba 5918 ni Mount Gelai, mlima wa mita 2,942 ulioko wilayani Longido, karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ni Mount Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, wilayani Same. Mtu wa Arusha analazimika kuvuka Namanga ili akaitazame milima ya kwao.

Wapo wapenzi wa picha wanaozifuata injini za namna hii wakiwa na lenzi za miaka ya 1960 na 1970, zisizo na mota wala waya wowote wa umeme. Mpigaji huzungusha pete moja kulenga na nyingine kupanua au kubana tundu la kupitishia mwanga. Sababu ya kwanza ni bei, kwa kuwa lenzi nyingi za aina hii huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi mpya. Sababu ya pili ni sura ya picha, maana vioo vyake hulainisha mwanga mkali kwa namna inayokaribiana na picha za enzi ya mvuke wenyewe.

Inayofahamika zaidi ni Helios 44-2 ya Kirusi, ya milimita 58, iliyokuja na kamera za Zenit. Hufungwa kwa nyuzi za skrubu zenye kipenyo cha milimita 42, zijulikanazo kama M42, ambazo Pentax nao walizitumia kwa lenzi zao za Takumar. Kwa kamera za dijitali zisizo na kioo cha ndani, adapta ya chuma isiyo na kioo chochote inatosha. Kamera nyingi hukataa kupiga zisipoitambua lenzi, hivyo tafuta kwenye menyu kipengele kinachoruhusu kupiga bila lenzi.

Kabla ya kununua, pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi. Nyuzinyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi zilizokaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa. Angalia pia kama mabapa ya tundu yana mafuta. Yakinata, achana nayo.

Treni inayotembea haimsubiri anayezungusha pete. Chagua mapema taruma moja ambalo injini italipita, lenga hapo, kisha usiguse pete tena. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, tundu likiwa namba 8 na pete ikiwa kwenye mita 10 na nusu, kila kitu kuanzia mita tano hivi hadi upeo wa macho kitaonekana vizuri. Treni ya kilomita 36 kwa saa husogea sentimita mbili katika sehemu ya 1/500 ya sekunde. Kwa treni inayokujia kasi hiyo ya shata inatosha.

Injini nyeusi huidanganya kamera. Ikijaza fremu, kamera hudhani pana giza na kuongeza mwanga, na mvuke mweupe hubaki doa tupu lisilo na umbo. Punguza hatua moja. Mvuke huonekana mnene hewa ikiwa baridi, hivyo asubuhi ya Julai ya Nairobi haina mpinzani. Jua la saa sita mchana huyatia magurudumu kivuli; subiri lishuke, limulike ile mikono ya chuma inayoyaunganisha. Lenzi za zamani hazipendi jua la mbele, basi zifunike kwa kofia yake.

Mazoezi hayahitaji kwenda mbali. Reli ya kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929, na treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirejea mjini hapa Oktoba 2020. Ni ya dizeli, lakini taruma ni taruma. Omba kwanza ruhusa kwa mkuu wa kituo, na usisimame juu ya njia.

Ukifika Nairobi, injini nyingi utazikuta zimesimama uani, kwa hiyo una muda wa kutosha. Anza na bati la jina, kisha rudi nyuma hadi Gelai yote, takriban mita 32, iingie kwenye fremu. Kwa lenzi ya milimita 50 utarudi nyuma sana, na injini za jirani zitakuziba. Beba ya milimita 28.