Kijiti cha Daktari wa Meno

Zamani mchezaji wa gofu hakuanza kwa kupiga mpira; alianza kwa kuchafua mikono. Pale pa kuanzia paliwekwa sanduku la mchanga na ndoo ya maji. Kedi, yaani mbebaji wa fimbo, alichota mchanga uliolowa, akaufinyanga kwa vidole hadi ukawa kichuguu kidogo, kisha akauketisha mpira juu yake. Pigo moja tu, kichuguu kikasambaratika. Kwenye shimo lililofuata kazi ilianza upya.

Mpira huinuliwa kwa sababu ya msingi. Ukilala kwenye nyasi, majani huingia kati yake na fimbo na kuharibu pigo. Ukiinuliwa, mchezaji anaweza kuukuta wakati kichwa cha fimbo kimeshapita chini kabisa na kinaanza kupanda. Mpira hupaa juu bila kuzunguka kupita kiasi, na kwenda mbali.

Kanuni 13 za gofu zilizoandikwa Leith, Scotland, mwaka 1744, ziliagiza mpira utegwe karibu na shimo lililomalizwa, umbali usiozidi urefu wa fimbo moja. Wachezaji wakawa wanachota mchanga humo humo shimoni, nalo likizidi kuchimbika.

Majaribio ya kuuaga mchanga yalianza Uingereza. Mwaka 1889 William Bloxsom na Arthur Douglas walipata hataza ya kibao cha raba kilichowekwa juu ya ardhi. Mwaka 1892 Percy Ellis akaleta kifaa cha kuchomeka ardhini.

Hatua kubwa ilipigwa Boston, Marekani. George Franklin Grant, Mmarekani mweusi, mwana wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alihitimu udaktari wa meno Harvard mwaka 1870, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Alipenda gofu, akachoshwa na tope. Tarehe 12 Desemba 1899 alipewa hataza namba 638,920: kijiti cha mbao chenye ncha ya kuchomeka ardhini na kichwa laini cha raba. Hakukifanyia biashara. Aliwagawia marafiki, akafariki mwaka 1910.

Miaka ya 1920 daktari mwingine wa meno, William Lowell wa New Jersey, alitengeneza kijiti chake cha mbao chenye kichwa kipana kama kikombe, akakipaka rangi nyekundu na kukiita Reddy Tee. Huyu alijua soko. Mwaka 1922 aliwalipa wacheza gofu Walter Hagen na Joe Kirkwood dola 1,500 wakitumie kwenye maonyesho yao. Hagen alikuwa akikiacha ardhini baada ya kupiga, na watazamaji wakakigombania. Baada ya muda mfupi viwanda vingine viliiga, na Lowell akatumia fedha nyingi mahakamani kutetea haki yake.

Leo sheria inaruhusu kijiti kisichozidi milimita 101.6. Fimbo za sasa zina vichwa vikubwa, hadi sentimita za ujazo 460, hivyo wengi hutega mpira juu zaidi kuliko babu zao.

Kwa miongo mingi sifa zote za kubuni kijiti zilimwendea Lowell. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilimtambua Grant rasmi kuwa mvumbuzi wa kijiti cha mbao mwaka 1991, miaka 81 baada ya kifo chake. Heshima hiyo ilichelewa mno, na kila anayefundisha gofu anapaswa kulitaja jina lake.